Chombo Alichokilalia Kenge

Kamba!

Vuta!

Wenzangu, kamba!

Vuta!

Nikivuta peke yangu?

Haiji!

Tukivuta sote?

Yaja!

Basi acheni ije. Na wewe uliyeitikia kwa mdomo huku mikono umeiweka mapajani, nimekuona. Hadithi hii inakuhusu wewe kuliko wengine.

Ilikuwa zamani, na zamani hiyo ilikuwa na watu wake, na watu hao walikuwa na njaa kama yetu. Palikuwa na mahali panaitwa Shingoni. Ni kipande chembamba cha nchi, upande huu ziwa, upande huu bahari. Ukisimama katikati ukatema mate kulia, yameangukia ziwani. Ukitema kushoto, yameangukia baharini. Watu wa Shingoni hawakuwa na tabia ya kutema mate ovyo. Nasema tu mjue upana wa nchi yenyewe.

Ziwa likichafuka, walihamia baharini. Bahari ikichafuka, walihamia ziwani. Vyote viwili vikichafuka, walikaa nyumbani wakagombana.

Hapo Shingoni aliishi mvuvi jina lake Vuai, na mkewe Mize, na watoto wao wawili, Tumu wa kike na Mcha wa kiume. Walikuwa na mtumbwi wa urithi, mdogo. Vuai aliingiza kichwa mbele, Mize akaingiza kichwa nyuma, wakaubeba kutoka maji haya hadi maji yale. Kwa mbali ungedhani mtumbwi umeota miguu. Jioni chungu kilikuwa na samaki. Si wengi. Walitosha.

Mwaka mmoja mtumbwi ukaoza. Vuai alikanyaga ndani, mguu ukatokea nje.

Hapo likabaki tegemeo moja. Nyuma ya nyumba palikuwa na mti wa msufi, mwepesi, mrefu, ulionyooka. Baba yake Vuai aliupanda siku Vuai alipozaliwa. Akasema, "Huu ni chombo cha mwanangu. Usikatwe mpaka cha kwangu kife." Cha kwake kilikuwa kimekufa. Na msufi mwingine wa kimo kile ungetaka Vuai azaliwe upya, jambo ambalo hakuwa na nafasi nalo.

Kwa hiyo mnaelewa. Mti mmoja, chombo kimoja. Wakikosea kipimo, watoto hawali. Ndiyo hivyo tu.

Sasa sikilizeni desturi ya Shingoni. Kule chombo hakikupimwa kwa dhiraa. Kilipimwa kwa kulala. Mti ukishaangushwa na kuambuliwa magome, wote watakaokula kutokana na chombo hicho walilala juu ya gogo, kichwa cha huyu kwenye nyayo za yule. Fundi alipita na shoka akatia alama kila panapoanza kichwa. Wa mwisho anapoishia, chombo kinaishia. Nyumba ya watu wengi, chombo kirefu. Nyumba ya watu wachache, chombo kifupi. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo.

Fundi wa vyombo alikuwa Fundi Mrashi, mtu wa maneno machache. Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Mimi nachonga kilicholala." Ukimsifu, mimi nachonga kilicholala. Ukimlaumu, mimi nachonga kilicholala. Mkewe alishazoea.

Msufi ukaangushwa. Vuai akalala. Mize akalala. Tumu akalala. Mcha akalala, akaambiwa aache kuchezesha miguu. Fundi akapita: alama, alama, alama, alama. Akainua shoka akate mwisho.

Kenge akatokea.

Siku hizo kenge walitembea na watu. Walisalimia, waliuliza hali za wazee, walihudhuria arusi. Kenge huyu hakuwa na shamba wala wavu. Alikuwa na wakati.

"Ndugu yangu Vuai, habari za kazi?"

"Njema. Za kwako?"

"Njema. Naona mmelala. Ni chombo cha ziwani hiki?"

"Cha ziwani na cha baharini."

"Aaa! Ziwani kitafaa. Lakini baharini, wimbi likija? Si litakibeba kama kifuu? Ongeza kidogo, ndugu yangu. Ngoja nilale hapa chini ya huyu mtoto, nikuonyeshe hiyo kidogo ni kiasi gani."

Akalala. Fundi Mrashi akamtazama.

"Mkia nao umelala?"

"Umelala."

Fundi akatia alama.

"Baharini sasa kitafaa," akasema Kenge akiwa chali. "Lakini samaki wakiwa wengi, utawaweka wapi? Utawabeba mdomoni? Mke wangu, hebu njoo ulale."

Mke wa Kenge akaja, akalala, mkia akaunyoosha. Fundi akatia alama.

"Samaki sasa wana nafasi. Lakini watu watasemaje? Wakiona chombo kidogo watasema Vuai ni mtu mdogo. Mama mkwe, tafadhali."

Mama mkwe wa Kenge akaja. Wenzangu, mama mkwe yule alikuwa mrefu. Alilala mpaka gogo likaisha, na mkia ukaning'inia.

"Gogo limekwisha," akasema fundi.

"Basi likome hapohapo," akasema Kenge. "Sisi si watu wa kudai."

Mize alikuwa bado amelala pale mbele. Akasema, macho yakiwa juu, "Baba Tumu, hawa wamelala kwenye chombo chetu."

"Wanatuonyesha kipimo tu, Mama Tumu."

"Fundi, wanatuonyesha kipimo?"

"Mimi nachonga kilicholala," akasema Fundi Mrashi. Akachonga.

Chombo kikatoka. Sitawadanganya, kilikuwa kizuri. Watu waliacha kazi zao wakaja kukitazama. Vuai alikizunguka mikono ikiwa nyuma, akikohoa kidogo kama mtu mwenye mambo makubwa. Alifurahi mno, na mimi simlaumu. Ungekuwa wewe ungekohoa zaidi.

Kisha akaingiza kichwa mbele. Mize akaingiza kichwa nyuma. Wakanyanyua.

Hakikunyanyuka.

Wakanyanyua tena.

Hakikunyanyuka.

Wakanyanyua mara ya tatu, na shingo ya Vuai ikalia kama mlango. Hakikunyanyuka.

"Hapo inatakiwa kamba," akasema Kenge. Alikuwa amekuja nayo.

Sasa hii desturi ya pili mnaijua, maana hata kwetu ipo. Chombo kisichobebeka huvutwa, na anayeshika kamba ana samaki wake. Awe mkubwa, awe mdogo, awe mgeni aliyepita kuuliza njia. Umeshika? Una samaki. Hiyo ni haki, na Vuai hakuwa mtu wa kunyima haki.

Kamba ikanyooshwa. Mbele walikaa watu wa kijiji. Nyuma yao alikaa Kenge, mke wa Kenge, mama mkwe wa Kenge, na nyuma ya mama mkwe, kenge wengine ambao Vuai hakuwahi kuwaona hata arusini. Watu walivuta. Kenge walishika.

Kamba!

Vuta!

Chombo kikaingia ziwani. Vuai akavua siku nzima, na samaki waliingia. Perege hawa hapa, kambare hawa hapa. Lakini samaki wa ziwa lile hulala ndani ya matete, na njia za matete ni nyembamba. Mtumbwi wa zamani ulipita humo bila kugusa. Chombo kipya kiliingia pua, kikakwama kiuno. Vuai akapiga kelele, watu wakaja na kamba, na kenge wakaja na kamba. Wakakitoa. Wakakivuta hadi ufukoni. Kila aliyeshika akachukua samaki wake, akashukuru, akaenda.

Nyumbani Mize alikuwa ameinjika chungu motoni. Vuai akafika. Mize akatazama ndani ya kapu, akatazama uso wa mumewe. Chungu kikaepuliwa.

"Kesho bahari," akasema Vuai.

Kesho yake kamba. Kutoka ziwani hadi baharini, watu wakivuta, kenge wakishika. Baharini samaki waliingia kuliko jana. Changu hawa hapa, tasi hawa hapa. Lakini maji ya bahari yana saa zake. Yakaanza kutoka. Mtumbwi wa zamani ulielea hata kwenye maji ya magotini, ukatafuta njia yake kati ya miamba. Chombo kipya kilikaa juu ya mwamba kama mtu aliyefika ugenini na hana haraka. Vuai akapiga kelele. Wakaja na kamba. Kila aliyeshika akachukua samaki wake, akashukuru, akaenda.

Mize alikuwa ameinjika chungu. Vuai akafika. Chungu kikaepuliwa.

Vuai akamfuata Kenge. Alimkuta anakula.

"Ndugu yangu, chombo kinavua, lakini nyumbani hakifiki kitu."

Kenge akafikiri huku akitafuna. "Nimeliona tatizo," akasema. "Chombo ni kidogo. Kingekuwa kikubwa zaidi, samaki wangezidi wavutaji."

"Na wavutaji?"

"Wavutaji wangezidi pia, hilo siwezi kulizuia."

Vuai alirudi nyumbani akilifikiria. Nawaambia kweli, alilifikiria sana, mpaka Mize akamwambia akalale.

Siku ya tatu Vuai akaenda kuvua. Jioni ikafika, kelele zikapigwa, kamba ikanyooshwa. Vuai akakusanya mapezi na mikia, akarudi nyumbani na kapu jepesi. Akasikia harufu mlangoni. Chungu kilikuwa motoni, na ndani ya chungu palikuwa na samaki.

"Mama Tumu! Samaki huyu umempata wapi?"

"Kwenye chombo chako."

"Vipi?"

"Nilishika kamba."

Vuai akakaa. Tumu akasema, "Na mimi nilishika, baba. Wangu ni huyu wa mkia." Mcha naye alikuwa ameshika, lakini alipewa mdogo kwa sababu alishika akiwa amekaa.

Vuai akala samaki wa mkewe. Usiku hakulala vizuri, maana tumbo lake lilikuwa limejaa na moyo wake ulikuwa umeshiba aibu.

Asubuhi akaamka na wazo. Nanyi mnaocheka, ngojeni kwanza. Akangoja maji yajae, akakisukumiza chombo majini hatua chache, akakifunga kwa kamba. Kisha yeye mwenyewe akaja pwani, akajipanga kwenye mstari, nyuma ya mama mkwe wa Kenge, akashika kamba.

Kamba!

Vuta!

Chombo kikaja. Hakikuwa na mtu. Hakikuwa na samaki. Kilikuwa na maji kidogo na chura wa ziwani aliyeingia kwa shughuli zake.

Watu wakatazama ndani. Wakamtazama Vuai aliyeshika kamba.

"Mvuvi yuko wapi?" akauliza Kenge.

"Niko hapa," akasema Vuai. "Naomba samaki wangu."

Kenge ndiye aliyekasirika wa kwanza, kwa sababu alikuja hajala.

"Hii ni dharau! Tunamvutia mtu chombo tangu siku ya kwanza, leo anatuletea chura! Na mimi si mvutaji tu kama hawa. Mimi nililala kwenye gogo!"

Hapo Mize akajitokeza. Alikuwa kwenye kamba, katikati. Akajifuta mikono kwa kanga.

"Shemeji Kenge ana haki," akasema.

Watu wakashangaa. Kenge mwenyewe alishangaa kidogo.

"Alilala kwenye gogo, mimi shahidi, nilikuwa nimelala mbele yake. Na mkewe alilala. Na mama mkwe, na mkia. Sasa watu wanamwita mvutaji wa kamba, kana kwamba ni kibarua. Si vizuri. Shemeji, una sehemu yako katika chombo hiki, au huna?"

"Ninayo!" akasema Kenge.

"Sema watu wasikie."

"Ninayo sehemu yangu!"

"Na unaitaka ijulikane?"

"Naitaka ijulikane! Naitaka leo! Nimechoka kuitwa kibarua!"

"Nimwite fundi?"

"Mwite!"

Fundi Mrashi akaja na msumeno. Vuai kuuona msumeno akaachia kamba, akakimbia akasimama mbele ya chombo, mikono ameitandaza.

"Mama Tumu! Ni mti wa baba yangu!"

"Najua."

"Alinipandia mimi!"

"Alikupandia wewe, ndiyo. Wala hakuwapandia hao."

Vuai akalia. Sisemi alilengwalengwa na machozi. Alilia, pale pwani, mbele ya kenge na watu. Mti ulikuwa na umri wake, na aliuona kama wanataka kumkata yeye. Mize akamshika mkono akamwondoa taratibu, akasimama naye pembeni. Yeye pia macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikubadilika.

"Fundi," akasema, "Kenge alianza kulala wapi?"

Fundi akapitisha kidole kwenye ukingo wa chombo. Alama za shoka bado zilikuwapo. Vuai, Mize, Tumu, Mcha. Kisha alama ya tano.

"Hapa."

"Kata."

Fundi akakata. Chombo kikawa viwili. Kipande cha mbele kilikuwa na pua iliyochongoka, na nyuma wazi. Kipande cha nyuma kilikuwa na tezi nzuri, ule mwisho wa nyuma wa chombo, na mbele wazi. Mize akaenda nyumbani, akarudi na mbao za ule mtumbwi uliooza, zile zilizobaki nzima, na pamba, na mafuta ya papa. Vuai akashika nyundo. Tumu akashika mbao, Mcha akashika pamba, safari hii akiwa amesimama. Wakaziba nyuma, wakatia nyufa kalafati ya pamba na mafuta, hata tone halikupita.

Fundi Mrashi akamgeukia Kenge. "Na chako tukizibe. Nenda kalete mbao."

"Mimi?"

"Wewe."

"Nikabebe mbao? Mimi ni mwenye chombo!" Kenge akacheka, mkewe akacheka, mama mkwe akacheka baada ya kuelezwa. "Wavivu ndio wanaozibaziba. Haya, jamaa zangu, pandeni!"

Wakapanda. Kenge wote walioshika kamba tangu siku ya kwanza wakapanda, wakajipanga vizuri, wakubwa mbele. Wakaomba kusukumwa. Watu wakawasukuma kwa moyo mmoja. Nadhani ndiyo siku pekee ambayo hakuna aliyedai samaki.

Kipande kile kikaenda, mbele wazi. Maji yakaingia bila kubisha hodi.

Kabla ya siku ile kenge hawakujua kuogelea. Siku ile walijifunza. Mama mkwe ndiye aliyejifunza upesi kuliko wote.

Vuai na Mize wakageukia kipande chao. Vuai akaingiza kichwa mbele. Alikaa humo kidogo bila kunyanyua. Alikuwa anaogopa, na Mize alijua, akamsubiri. Kisha Mize akaingiza kichwa nyuma.

Wakanyanyua.

Kikanyanyuka.

Wakakibeba kutoka baharini hadi ziwani, watoto wakitembea chini yake kwenye kivuli. Kikapita kwenye matete bila kugusa. Jioni Mize akainjika chungu. Vuai akafika na kapu, na kapu lilikuwa zito. Tumu akauliza, "Baba, leo wameshika kamba wangapi?" Vuai akasema, "Leo hapakuwa na kamba, mwanangu." Akageuzia uso ukutani, nadhani moshi ulimwingia machoni.

Chungu hakikuepuliwa mpaka kilipoiva. Kamba yenyewe Mize aliifanya ya kuanikia nguo.

Ndiyo maana vyombo vya Shingoni hadi leo vina nyuma bapa. Wageni husema vinaonekana kama vimekatwa kwa msumeno. Wenyeji huwajibu kwamba vimekatwa kwa msumeno. Na ndiyo maana kenge huishi majini ametoa kichwa tu, akitazama pwani. Anatazama kama kuna watu wanaovuta kitu.

Na Fundi Mrashi? Alizeeka akichonga. Shingoni bado hupima chombo kwa kulala. Lakini tangu siku ile fundi aliongeza maneno, na kwa mtu yule ilikuwa kazi kubwa. Watu wakishalala wote juu ya gogo, na alama zikishatiwa, alikuwa akisimama kichwani kwao na kusema, "Mimi nachonga kilicholala. Sasa, mliolala, amkeni mlibebe."

Wakilibeba, anachonga. Wasipolibeba, anauliza ni nani aliyelala bila kunyanyua. Mara nyingi mtu huyo alikuwa ameshakumbuka shughuli nyumbani.

Kamba!

Legeza!

Mliolala?

Tumeamka!

Mliokula?

Tutabeba!

Hadithi hii nimeibeba peke yangu hadi hapa, na mabega yanauma. Aliyekuwa amelala juu yake, ashuke.